Maneno Yangu Kinywani mwa Shangazi

Sauti yangu nilimpa kwa hiari, tena nikicheka, kwa hiyo sitasema niliibiwa. Anayeibiwa hufungua mlango asubuhi akakuta kitu chake hakipo. Mimi changu nilikikuta kinasomwa kwenye spika mbele ya mtaa mzima, na Mama amekaa kando yangu, ameushika mkono wangu.

Aliyekuwa akisoma ni Shangazi. Msimtafute kwenye ukoo wetu. Shangazi ni jina ambalo mtaa uliipa mashine ya Baraza la Wakazi, ile akili bandia iliyoletwa isikilize watu wakijadiliana mezani, ikusanye waliyosema, kisha iyarudishe kwa ufupi bila kumtaja mtu. Ilikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole, isiyo na haraka. Siku ya kwanza ilipozungumza, muuza mkaa aliyekaa nyuma alisema, "Huyu ni shangazi yangu mtupu. Anajua habari za kila nyumba na hasemi kaambiwa na nani!" Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likaganda hapo hapo.

Kijana aliyekuja na Shangazi, yule aliyepita meza hadi meza akiweka vinasa sauti vidogo katikati ya watu, tulimwita Bwana Sikio. Mimi nilikuwa na majina mengine ya kumwita tukiwa wawili, lakini leo sitayataja. Bado nina hasira.

Baraza lilikuwa na swali moja tu, nalo ni mfereji. Kila msimu wa mvua mfereji wetu hufurika na maji huingia vitandani mwa watu wa bondeni. Wao wanataka upanuliwe. Kuupanua ni lazima kubomoa safu ya maduka iliyo ukingoni, na duka moja kwenye safu hiyo ni la Mama, dobi anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Pasi. Watu wa bondeni wakasema bomoa. Watu wa safu wakasema thubutuni! Meza zilibishana hadi watu wakaanza kununiana kisimani na msibani. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kupiga kura, na kabla ya kura Shangazi alipaswa kusoma kauli ya pamoja.

"Nitaanza na sauti moja ya mkazi," alisema Shangazi, "ambayo nadhani inazigusa pande zote mbili."

Mama aliniminya mkono akanong'ona, "Sikiliza, labda ni yangu. Juzi nilisema vizuri mimi."

Shangazi akasoma.

"Mama yangu anapiga pasi pale kwenye safu. Mikono yake haisikii tena vizuri. Akipiga shati, kola inabaki na mkunjo na yeye hauoni. Kila alfajiri naamka kabla yake, nawasha pasi, narudia shati moja moja, halafu nayatundika kama alivyoyaacha. Hajui. Mvua ikinyesha naomba maji yalibebe lile duka ili apumzike, kwa sababu mimi sina ubavu wa kumwambia."

Kwenye safu yetu kuna kinyozi, kuna fundi viatu, kuna wauza nafaka na mama wa vitambaa. Dobi ni mmoja.

Ukumbi ukatoa sauti ile ambayo watu huitoa wakimwona mtoto kaanguka. Mtu mmoja upande wa bondeni akapiga makofi, wengine wakafuata, tena kwa nia njema kabisa, na kila kofi lilinipata usoni. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama hakuunyakua mkono wake. Aliutoa polepole ndani ya wangu, akauweka mapajani, akaugeuza kiganja juu na kuutazama.

"Ni kweli?" aliuliza, macho bado kiganjani.

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Sijaomba maelezo. Nimekuuliza ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hata yale mashati ya harusi ya mtoto wa Mkunga?"

"Hata yale, Mama."

"Walikuja kunishukuru kwa yale. Nikarudi nyumbani nikakusimulia, ukacheka na mimi. Ukaniambia hakuna pasi kama ya Mama."

Mjomba wangu, kaka yake Mama, yule kinyozi wa safuni, aliinama kutoka kiti cha nyuma. Yeye ndiye aliyempinga Sikio tangu mwanzo. "Kinyozi nasikia mengi kuliko padri," alizoea kuniambia, "lakini jioni nafagia nywele na maneno pamoja, natupa. Huyu mchumba wako analipwa asitupe. Mtu wa namna hiyo unamwingizaje ndani?" Nami nilikuwa nikimjibu kwamba wivu wa wajomba hauna dawa.

Sasa hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Mwache mama yako kwangu. Nenda kamuulize huyo bwana."

Mkunga mstaafu, mwenyekiti wetu, aliyewapokea duniani nusu ya waliokuwemo humo ukumbini, aligonga meza akatangaza mapumziko mafupi. Nikainuka.

*

Sikio alikuwa kwenye chumba kidogo kando ya jukwaa, mle wanamoweka viti vibovu na mapazia ya zamani. Huko ndiko alikokaa na kompyuta yake na nyaya zake. Aliponiona alisimama haraka, kiti kikaanguka. Macho yake yaliufuata uso wangu kama siku ile ya kwanza alipoleta shati lake dukani, akasahau alichofuata, mpaka Mama akamuuliza kama shati ni la kufuliwa au la kuoneshwa tu. Siku ile niliyapenda macho hayo. Na siku hii, Mungu anisamehe, bado niliyapenda, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi.

"Mvuke," aliniita. Ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya pasi na kwa sababu ya hasira zangu. "Mvuke, tafadhali, funga mlango kwanza."

"Kwa nini nifunge? Kuna siri iliyobaki?"

"Tafadhali."

Niliuacha wazi.

"Maneno yale nilikuambia wewe," nikasema. "Sikuyasema kwenye meza yoyote ya baraza. Nilikuwa nakunja nguo, wewe umekaa juu ya kapu la mashuka, mvua inanyesha. Ulikuwepo wewe peke yako."

"Na kinasa sauti."

"Kinasa ulisema ni cha kumfundisha Shangazi kusikia! Ulisema alikuja anajua Kiswahili cha vitabuni tu, mtu akisema 'ananizingua' anadhani ni mganga. Ukaniomba niongee chochote, nicheke, nilalamike, niimbe, ili azoee watu wanavyosema. Nilikuuliza, haya yataingia barazani? Ulinijibu nini?"

"Nilikujibu hayataingia."

"Kumbe una kumbukumbu nzuri."

Alipitisha kiganja usoni. "Nilikosea mahali pa kuziweka. Nilizihifadhi pamoja na sauti za mezani, kwa uzembe wangu. Shangazi alipoambiwa akusanye yaliyosemwa kuhusu mfereji na safu, alichukua kila kilichokuwa mle. Yeye hajui lipi limesemwa mezani na lipi limesemwa... vile tulivyokuwa."

Nitasema ukweli, hapo moyo wangu ulianza kumtafutia mlango wa kutokea. Kosa la mashine. Uzembe. Nani hajawahi kuunguza shati la mteja? Ningelia siku mbili, ningenuna wiki, halafu ningemsamehe. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Kwa hiyo umeyasikia leo, pamoja na sisi," nikasema. Lilikuwa jibu la kumpa, alipokee tu. "Hukujua."

Aliinamisha macho kwenye kile kiti kilichoanguka.

"Sikio. Sema hukujua."

Aliinama akaokota kiti, akakisimamisha taratibu, akakishika mgongo kama anayeogopa kitaanguka tena.

"Niliyaona juzi," alisema. "Shangazi aliniletea rasimu. Ilikuwa juu kabisa."

"Ukafanyaje?"

"Nikaisoma."

"Halafu?"

"Nikaiacha."

Nje watu walikuwa wakicheka jambo fulani, vikombe vikigongana. Nakumbuka niliwaza kwamba juzi jioni, baada ya kuyaona hayo, alikuja dukani kama kawaida. Alikula nasi. Alimsifu Mama kwa mapishi, Mama akamwita mkwe, na akaondoka akinipungia mkono hadi kona.

"Kwa nini?" niliuliza, na sauti ilitoka ndogo, si yangu.

"Kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine kama hiyo!" Sasa alizungumza upesi. "Pande zilikuwa zimekwama. Bondeni wanapiga kelele, safu wanapiga kelele, kauli ya pamoja haipatikani. Wakubwa zangu waliniambia, leo likishindikana, baraza linavunjwa na uamuzi unafanyika ofisini bila kumuuliza mtu. Tingatinga lingekuja hata hivyo. Halafu nasoma maneno yako, namwona mtu wa safu anayempenda mama yake na bado anataka apumzike. Nikajua watu watanyamaza wasikilize. Na umeona, wamenyamaza."

"Wamepiga makofi."

"Jina lako halikutajwa."

"Dobi wangapi wako kwenye safu?"

Aligeuza macho kwenye kompyuta.

"Nakuuliza wewe mwenye hesabu zote. Wangapi?"

"Mmoja."

"Basi usinisemeshe habari za majina."

"Nilifanya kwa ajili yetu pia, Mvuke. Kazi hii ikifaulu wananiajiri moja kwa moja. Wazazi wangu wanakuja keshokutwa kuzungumza na Mama. Nilitaka nije mbele yake nikiwa mtu mwenye kazi, si kibarua wa nyaya."

"Kwa hiyo umemvua nguo Mama barazani ili uje umposee binti yake ukiwa umevaa vizuri."

"Usiseme hivyo."

"Ungeniomba. Ungekuja tu, ukaniambia, Mvuke, kuna maneno yako haya, naomba tuyatumie. Miguu yako ilikuwa inakufikisha dukani kila jioni, ilishindwa nini siku hiyo?"

"Ungekataa."

Alilisema kwa haraka, kabla ya kulipima. Tukatazamana.

"Basi ulikuwa unalijua jibu langu," nikasema. "Hukukosa kunisikia. Ulinisikia vizuri kabisa, hata kabla sijafungua mdomo, ukapita."

Machozi yalimjaa. Yalikuwa ya kweli, najua, nimemwona akilia kwa mengine. Alinyoosha mkono akanigusa kwenye kiwiko, pale palipo na kovu la pasi ambalo alizoea kulibusu, na mwili wangu wote ulitaka kumwangukia. Sitajifanya shujaa. Niliuondoa mkono wake kidole kwa kidole.

"Nakupenda," alisema. "Hilo halina uongo."

"Najua. Lingekuwa na uongo ningeondoka hapa nimecheka."

*

Tuliporudi kuketi, Mama alikuwa pale pale, wima, mkoba mapajani. Hakunitazama. Mjomba aliniachia kiti kando yake.

Mkunga alikuwa na desturi yake, ambayo aliidai siku ya kwanza ya baraza na waliomleta Shangazi wakaikubali kwa shingo upande. Mwisho wa kila kikao, na siku hiyo kabla ya kura, aliuliza kama yupo anayetaka kufuta neno lake. Mwenye neno alikuwa na haki ya kulifuta, ila sharti asimame akiri mbele ya watu kwamba ni lake. "Ili mtu asije akafuta la mwenzake," alisema, "na ili mjifunze kuona haya kidogo." Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kusimama zaidi ya muuza mkaa, ambaye alifuta tusi.

"Yupo?" aliuliza Mkunga.

Nilisimama.

"Maneno aliyoanza nayo Shangazi ni yangu," nikasema. "Sikuyasema kwenye baraza hili. Nilimwambia mtu mmoja kwa siri, na mtu huyo akayaleta hapa bila ruhusa yangu. Nayafuta."

Minong'ono ikapanda. Vichwa viligeuka kumtafuta mtu mmoja huyo, na havikuhangaika sana, maana mtaa mzima ulijua nani alikuwa akikaa juu ya kapu la mashuka. Mkunga aliinua kiganja hadi pakawa kimya.

"Bwana Sikio, umesikia. Futa."

Sikio alikuwa amesimama kwenye mlango wa kile chumba. "Mwenyekiti, sina uhakika kama naweza kuitoa sentensi moja peke yake, sauti yake iko kila mahali mle ndani. Nikitaka atoke kabisa, nifute alichorekodi chote. Na nikifuta hakirudi."

"Mwenyewe ndiye wa kuamua," alisema Mkunga, akanigeukia.

"Zimo zote, Mvuke," alisema Sikio. Alikuwa hazungumzi na ukumbi tena. Aliniangalia kana kwamba tuko wawili dukani, na watu wakasikia kila kitu. "Unajua zipi."

Nilijua. Zimo jioni nilizomwimbia nyimbo za utotoni nikikosea maneno. Imo siku umeme ulipokatika tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Imo siku nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba nampenda, yeye akajifanya hakusikia, akasogeza kinasa karibu, akasema rudia, huyu Shangazi ni mzito wa kuelewa. Nikarudia. Nilirudia mara nyingi kadiri nilivyotaka, kwa sababu nilikuwa na furaha.

"Futa," nikasema.

Aliingia ndani. Tulimsikia akibonyeza. Kisha Shangazi, kwa ule upole wake, akasema, "Sauti hiyo imeondolewa," na nikaketi.

Nilidhani yameisha. Ndipo Mama akainuka.

"Mkunga, naomba kusema."

"Sema, dada."

"Ni lazima hicho kidude kinisikie?"

"Si lazima. Ni hiari yako."

"Basi nataka kinisikie. Wewe kijana!" Mama hakupandisha sauti, lakini Sikio alitoka chumbani mbio. "Lete hicho kinasa chako hapa mbele yangu. Sogea. Usinisikilize kwa mbali, mimi si mwizi na wewe si polisi."

Sikio alikuja na kinasa, akakishika mbele ya kifua cha Mama kwa mikono miwili. Mama alimtazama kwa muda, na niliona kwamba alikuwa amempenda kweli huyu kijana, labda karibu kama mimi.

"Neno alilolifuta mwanangu nalirudisha mimi," alisema Mama. "Si kwa sababu limesomwa. Kwa sababu ni la kwangu tangu mwanzo, na aliyepaswa kulisema ni mimi. Mikono yangu imechoka. Moto siusikii, mkunjo siuoni. Nilikuwa najua kidogo, nikajidanganya mengi. Kama kuna mtu hapa alivaa shati langu likampendeza, amshukuru binti yangu."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii.

"Lakini niwaulize. Mikono yangu kuchoka inahusiana nini na mfereji? Maji yanaingia bondeni au hayaingii? Kama yanaingia, panueni mfereji kwa sababu ya maji. Tubishane kwa hilo mpaka tuchoke. Msinibomolee duka kwa huruma. Huruma yenu mtaisahau keshokutwa na mimi nitakuwa sina duka." Akamgeukia Sikio. "Umemaliza kusikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Mwambie huyo shangazi yako, hayo ndiyo yangu. Na ayasome yote. Asichague."

Akaketi. Kwenye meza ya jirani, yule muuza mkaa alikichukua kinasa sauti kilichokuwa mbele yake, akakifunika kwa kikombe chake kitupu. Wauza nafaka kwenye meza yao wakakigeuza chao kifudifudi. Wengine wakaanza kufuata, bondeni na safu pia, kila mmoja na alichokipata, kofia, sahani, kanga. Mkunga aliwatazama, akasema kura haipigwi siku hiyo, na kwamba wiki ijayo meza zitaanza upya na atakayeandika atakuwa mtu mwenye kalamu, polepole, hata kama itachukua mwezi. "Na ofisi ikitaka kutuamulia," aliongeza, "ije iniambie mimi. Nao huko ofisini nimewazalisha."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

*

Nyumbani Mama hakula. Nilimwandalia maji ya kuoga, akaoga. Nilimwita kwa jina lake zuri, lile nililomwita nikiwa mdogo, hakuitika. Nilipopiga magoti mbele ya kitanda chake kumwomba radhi, aliniwekea mkono kichwani, mkono ule ule, akasema, "Wewe ulinificha kwa mapenzi, yule kanianika kwa mapenzi. Mbona mapenzi yenu yananipita mimi mwenyewe?"

Akauondoa mkono kichwani pangu.

"Kuanzia kesho," alisema, "shati nililopiga mimi linatoka lilivyo. Ukiona kasoro, uniite nikiwa macho, unioneshe. Mteja akilalamika, alalamike kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Alfajiri nilizinduka kama nilivyozoea. Nilikwenda dukani, nikasimama mbele ya nguo zilizotundikwa. Lililoning'inia mbele ya mengine lilikuwa shati jeupe la Sikio, la kuja nalo na wazazi wake. Mama alilipiga mwenyewe, akakataa nisiliguse. "La mkwe nalipiga mimi," alikuwa amesema, "wewe utaliunguza kwa kuliwaza." Kola yake ilikuwa na mkunjo wa pembeni, kama kawaida. Nilisogeza mkono hadi kwenye pasi, nikaurudisha. Nikakaa juu ya lile kapu mpaka kukapambazuka.

Alikuja mapema. Mama alikuwa mezani akipiga shuka, miwani puani, akipapasa kila pindo kwa vidole vya mkono wa pili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo." Alisimama kizingitini, hakujua kama aingie. "Mama, nimekuja kwa... kuhusu keshokutwa. Nimekuja pia kuomba..."

"Kesho," alisema Mama. "Keshokutwa tungesema jana. Na kesho yenyewe, wasalimie sana wazazi wako, uwaambie nyumba hii ina kazi nyingi. Wasisumbuke na safari."

Hakuna neno baya alilomwambia. Lakini Sikio alikunja uso kama aliyepigwa, na mimi niligeuka nikajishughulisha na hanga za nguo ili wasinione.

"Mpe mteja nguo yake," Mama akaniambia.

Nililitoa shati, nikampa. Vidole vyetu viligusana chini ya kitambaa, na wote wawili tukachelewa kuviondoa. Alilitazama shati. Yeye alikuwa mtu pekee duniani niliyemwonesha pa kutazama, jioni ile ya mvua, kwa hiyo macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kola.

"Hukulirudia," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikulirudia."

Alilikunja mkononi, akatoka. Mama aliendelea na shuka lake. Baada ya muda aliniita, akanionesha pindo, akaniuliza kama limenyooka. Niliinama nikatazama kupitia machozi, nikamwambia ukweli.

"Bado, Mama. Hapa."

Akairudisha pasi hapo.